Unafuu wa Nyumba na Mahali Unakotoka

Katika soko la nyumba la Dar es Salaam hakuna daftari la wazi ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifungua akaona nyumba ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani, na kwa sababu hiyo neno “nafuu” hutamkwa na kila muuzaji na kila dalali bila kuwapo kipimo cha kulihakiki. Nyumba mbili zilizopakana Tabata au Mbagala zinaweza kuuzwa mwaka uleule kwa bei zinazopishana kwa makumi ya mamilioni ya shilingi, na pengine tofauti hiyo ikawa ya haki kabisa, kwa kuwa moja ina hati na nyingine ina karatasi ya serikali ya mtaa tu. Anayetafuta nyumba ya bei nafuu hatafuti bei ndogo peke yake. Anatafuta sababu iliyoifanya bei hiyo iwe ndogo, na kazi yake kubwa ni kupambanua kati ya sababu anayoweza kuibeba na ile itakayomfilisi.

Sababu hizo, zikichunguzwa, huwa ama za mtu anayeuza, ama za jengo, ama za ardhi na haki ya kuimiliki. Muuzaji anayehitaji fedha haraka, au jengo lenye kasoro ambayo fundi anaweza kuirekebisha, huleta unafuu wa kweli, kwa kuwa baada ya ununuzi sababu ile hutoweka na thamani inayopanda hubaki mikononi mwa aliyenunua. Kasoro ya ardhi au ya umiliki haina tabia hiyo: hubaki palepale, humfuata mmiliki mpya, na siku atakapotaka kuuza naye atalazimika kuuza kwa bei ya chini, kama nyumba itakuwa bado imesimama.

Kabla ya kusema kwamba bei ni ndogo ni lazima bei ya kawaida ijulikane, na hapo ndipo wanunuzi wengi hujikwaa, kwa sababu huilinganisha bei waliyotajiwa na bei nyingine za kutajiwa. Bei inayotangazwa ni matumaini ya muuzaji, ilhali bei ya soko ni ile iliyokwisha kulipwa. Mnunuzi makini huwauliza watu walionunua au kuuza mtaani hapo katika miaka ya karibuni, husikiliza madalali watatu au wanne wasiojuana, na akiweza humlipa mthamini, yaani mtaalamu aliyesajiliwa wa kukadiria thamani ya mali, ampe taarifa ya maandishi. Ada ya mthamini ni ndogo ikilinganishwa na bei ya nyumba, na taarifa yake ina faida ya pili, kwani hutenganisha thamani ya kiwanja na thamani ya jengo, ikamwonyesha mnunuzi kama analipia ardhi nzuri yenye nyumba mbovu au nyumba nzuri iliyokaa mahali pabaya. Inafaa pia kuulizia “cha juu”, jina ambalo mtaani hupewa kiasi anachokiongeza dalali juu ya bei ya mwenye nyumba ili kiwe chake, mbali na ujira wake wa kawaida. Nyumba ikipitia mikononi mwa madalali watatu, na kila mmoja akaweka cha juu chake, bei humfikia mnunuzi ikiwa imevimba, na punguzo analopewa baadaye kwa mbwembwe huwa ni sehemu tu ya kile kilichoongezwa njiani. Dawa yake ni kukutana na mwenye nyumba ana kwa ana kabla bei haijazungumzwa, huku dalali akibaki na haki ya kulipwa kwa kazi aliyoifanya.

Muuzaji mwenye haraka hutambulika kwa hali yake zaidi ya maneno yake, kwa kuwa karibu kila tangazo la nyumba husema inauzwa haraka. Aliyehamishwa kikazi, anayeuguza, anayekimbizana na deni la benki ambalo bado halijafika kwenye mnada, au wanandoa waliotalikiana na wanaotaka kugawana, hao huthamini fedha za wiki hii kuliko fedha nyingi zaidi za mwaka ujao, na mnunuzi mwenye uwezo wa kulipa kwa mkupuo hupewa punguzo ambalo anayelipa kwa awamu hawezi kulipata. Chanzo kikubwa cha nyumba za aina hii katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, kama vile Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, ni mirathi. Mzee amefariki akaacha nyumba moja na warithi saba au kumi, kila mmoja ana familia yake, hakuna mwenye fedha za kuwalipa wenzake sehemu zao, na njia inayobaki ni kuuza na kugawana. Warithi wa namna hiyo mara nyingi huridhia bei iliyo chini ya soko, ilimradi kila mmoja apate chake mapema.

Hata hivyo, nyumba ya mirathi ndiyo inayowapeleka wanunuzi wengi mahakamani. Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi, yaani mtu aliyeteuliwa na mahakama na kupewa barua za usimamizi, na si mtoto wa kwanza, wala mjomba, wala mwenye funguo. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukipigwa mhuri wa serikali ya mtaa, ni hatua ya kumpendekeza msimamizi tu, na anayenunua kwa nguvu ya karatasi hiyo amenunua kwa mtu asiye na cha kuuza. Maneno “Nyumba hii haiuzwi” yanayoonekana yameandikwa kwa rangi kwenye kuta nyingi za jiji hayakuandikwa kwa mapambo. Mara nyingi ni mjane au mrithi mmoja anayejihami dhidi ya ndugu aliyekwisha kuanza kuitembeza nyumba kwa madalali, au mwenye nyumba anayejihami dhidi ya matapeli. Mnunuzi anayeyakuta, hata yakiwa yamefunikwa kwa chokaa mpya, anapaswa kuwauliza majirani yaliandikwa na nani na ugomvi wake uliishaje. Pale ambapo muuzaji ni mtu aliye kwenye ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa, yaani ile wanamoishi mume na mke kama makazi yao, bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi, na itolewe na mwenzi mwenyewe mbele ya wakili, kwa kuwa saini iliyoletwa kutoka nyumbani haijulikani imewekwa na nani.

Unafuu unaotokana na jengo huonekana waziwazi zaidi katika pagale, yaani nyumba iliyoanza kujengwa ikaachwa kabla ya kukamilika. Mapagale huuzwa na watu ambao fedha zimewaishia wakiwa wamefikia kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango, au wakiwa wameshapaua lakini wakashindwa kumalizia. Kuta zilizosimama humdanganya mtazamaji akadhani kazi kubwa imekwisha, ilhali bati na mbao, plasta, madirisha, milango, umeme, mabomba, shimo la maji machafu, vigae na rangi kwa pamoja mara nyingi hugharimu zaidi ya boma lenyewe. Kwa hiyo pagale huwa nafuu pale tu ambapo bei yake, ikijumlishwa na gharama za kumalizia zilizokadiriwa na fundi wa upande wa mnunuzi, inabaki chini ya bei ya nyumba iliyokamilika mtaani hapo. Fundi huyo akague nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo kama zimeliwa na kutu, akague tofali lililonyeshewa misimu kadhaa kama bado ni gumu likikwaruzwa kwa msumari, na achimbe kidogo pembeni mwa msingi aone kina chake.

Katika nyumba iliyokamilika, uchafu ni rafiki wa mnunuzi. Rangi iliyobabuka, dari yenye madoa, jiko lililochoka na uwanja uliojaa takataka hushusha bei kuliko gharama halisi ya kuviondoa, kwa kuwa watazamaji wengi hununua kwa macho. Ufa mwembamba ulioko kwenye plasta peke yake hurekebishwa kwa siku moja, lakini ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kuteremka hadi sakafuni, ukapenya hadi upande wa pili wa ukuta, huonyesha kwamba msingi umetitia, na huo si wa kuzibwa kwa saruji. Chumvi inayokula plasta kuanzia chini ya kuta huonyesha unyevu unaopanda kutoka ardhini, jambo la kawaida katika maeneo ya mabondeni na ya karibu na bahari. Nyumba itembelewe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa inanyesha au imekatika punde, kwa kuwa alama ya tope kwenye ukuta wa jirani husema ukweli ambao muuzaji hataki kuusema.

Kuhusu mahali, historia ya karibuni ya Dar es Salaam ina mifano ya kutosha. Nyumba za Bonde la Msimbazi, Jangwani na maeneo yanayopakana nayo, zilikuwa karibu na katikati ya jiji na bei zake zilivutia, hadi mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu na kuwaacha wengi bila makazi, baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, na kuanzia Desemba 2015 ikafuata bomoabomoa katika bonde hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bahari au ziwa, na mnunuzi anaweza kuzipima mwenyewe kwa kamba kabla ya kumwita mtaalamu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilivunjwa kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kisheria kwa ajili ya upanuzi. Alama nyekundu ya X ukutani haihitaji maelezo kwa mkazi wa jiji hili, lakini nyumba isiyo na alama haijasafika kwa hilo, na swali la hifadhi ya barabara, ya reli, ya bomba au ya nyaya za umeme lipelekwe kwa ofisi ya mipango miji ya halmashauri, si kwa dalali.

Mahali panaweza pia kuleta unafuu wa halali, pale bei inapokuwa chini kwa sababu huduma bado hazijafika. Waliokuwa na nyumba Kigamboni kabla ya Daraja la Nyerere kuzinduliwa Aprili 2016 walitegemea kivuko kwenda mjini, na usumbufu huo ulikuwa umo ndani ya bei. Lakini ni Kigamboni hiyohiyo ambako mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaweka wenye maeneo katika hali ya kutojua, miaka kadhaa, kama wanaruhusiwa kuuza au kuendeleza mali zao. Anayenunua kwa kutarajia barabara au daraja anapaswa kuwa na uwezo wa kuishi hapo hata vikichelewa miaka kumi.

Haki ya kumiliki inahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana ndiyo inayozaa unafuu wa hatari kuliko wote. Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na anachokimiliki mwananchi ni haki ya kuitumia kwa muda, ambayo kwa ardhi iliyopimwa hutolewa kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Anayenunua nyumba yenye hati ananunua miaka iliyobaki, na kwa hiyo hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 haina uzito sawa na ya miaka 99 iliyotolewa mwaka uleule, ingawa nyumba zinafanana. Chini ya hati ipo barua ya toleo, maarufu kama ofa, ambayo ni ahadi ya kumilikishwa ikiwa masharti na malipo yametimizwa. Kisha ipo leseni ya makazi, inayotolewa kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa kwa muda mfupi unaoweza kuhuishwa. Na chini kabisa ipo mikataba ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambayo ndiyo karatasi pekee waliyonayo wakazi wengi wa maeneo yasiyopimwa. Nyumba ya ngazi hiyo ya mwisho lazima iwe nafuu, kwa sababu haisajiliki, benki nyingi hazitaipokea kama rehani, na siku ya upimaji barabara inaweza kupitishwa sebuleni. Kununua huko si kosa, na mamilioni ya watu wameishi humo kwa amani. Kosa ni kulipia skwata, kama maeneo hayo yanavyoitwa, kwa bei ya kiwanja kilichopimwa. Desturi ya kumtoza mnunuzi asilimia 10 ya bei kwa ajili ya mhuri wa serikali ya mtaa haimo katika Sheria ya Ardhi, na fedha hizo hazimwongezei mnunuzi haki yoyote.

Nchini Kenya, ambako soko limejengwa zaidi juu ya hati, funzo limekuwa kwamba hata hati yenyewe haitoshi. Nyumba za Syokimau zilizobomolewa Novemba 2011 zilikuwa za watu walioamini kuwa nyaraka zao ni halali, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, lililohusu kiwanja cha ufukweni Nyali, iliamua kwamba hati haimlindi mnunuzi ikiwa ugawaji wa kwanza wa ardhi ile ulikuwa kinyume cha sheria, hata kama yeye alinunua kwa nia njema. Kwa uamuzi huo, mnunuzi wa Kenya anatakiwa kuifuata ardhi hadi kwa aliyegawiwa mara ya kwanza.

Mnada ndio mahali ambapo watu wengi huamini kwamba unafuu umehakikishwa, na ndipo sheria iliposema wazi zaidi kuhusu unafuu uliopita kiasi. Mkopaji aliyeweka nyumba rehani, yaani dhamana ya mkopo, akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya Tanzania inaitaka benki impe taarifa ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua, na Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utanguliwe na tangazo kwa umma la siku zisizopungua 14. Zaidi ya hayo, kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinaiwajibisha benki kutafuta bei bora kadiri inavyowezekana, na kinaeleza kwamba nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, itachukuliwa kuwa benki imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuiomba mahakama itamke kuwa mauzo ni batili. Kenya ina kanuni inayofanana nayo katika kifungu cha 97 cha Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 2012, ambacho kinadai pia nyumba ithaminiwe kabla ya kuuzwa.

Kwa hesabu rahisi, nyumba ambazo mtaani huuzwa kwa wastani wa shilingi milioni 120 zina mpaka wake kwenye milioni 90: anayenunua mnadani kwa milioni 95 amepata nafuu ya milioni 25 na amekaa upande salama wa kifungu hicho, na anayenunua kwa milioni 70 amepata nafuu kubwa zaidi pamoja na uwezekano wa kesi. Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 135, inamlinda mnunuzi wa mnada ambaye hakushiriki wala kujua udanganyifu, ikamwelekeza aliyedhulumiwa aidai fidia benki. Lakini ulinzi huo huthibitishwa mahakamani, na wakati wa kuuthibitisha mnunuzi hukaa nje ya nyumba aliyoilipia, kwa zuio la mahakama au kwa sababu tu familia iliyomo ndani imekataa kutoka. Gharama ya wakili, ya muda na ya kuendelea kupanga kwingine ni sehemu ya bei ya nyumba ya mnada, na anayekwenda mnadani bila kuijumlisha hajajua bei anayoitoa.

Kilicho muhimu kuliko nyundo ya dalali ni kuuona mkataba wa rehani. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na kesi nyingi za kupinga minada hufunguliwa na wake wanaosema hawakusaini kamwe, au kwamba aliyesaini alikuwa mwanamke mwingine aliyeletwa benki kwa jina lao. Mnunuzi aombe kuona ridhaa hiyo, taarifa ya siku 60 na uthibitisho kwamba ilimfikia mkopaji, gazeti lenye tangazo, na taarifa ya uthamini; benki iliyofuata utaratibu haina sababu ya kuvificha. Mnada unaofanywa kwa amri ya mahakama ili kukazia hukumu, yaani kumlazimisha aliyeshindwa kesi alipe, una utaratibu wake tofauti: mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na kumalizia iliyobaki ndani ya siku 15, na mwenye mali bado ana nafasi ndani ya siku 30 ya kuweka mahakamani deni lote pamoja na asilimia 5 ya bei kama kifuta jasho cha mnunuzi, akaomba mauzo yafutwe. Fedha za mnunuzi katika siku hizo hazijawa nyumba. Ipo pia haki ya kibinadamu ya kuzingatiwa hapa, kwa sababu kila shilingi inayopungua kwenye bei ya mnada huondolewa kwenye kile ambacho mkopaji na watoto wake wangebaki nacho baada ya deni kulipwa, na si sahihi kwa wanunuzi kuungana na dalali ili bei ianguke.

Mara bei inapokubaliwa, huibuka kishawishi cha kuandika mkataba wa bei ndogo kuliko iliyolipwa, ili kodi ipungue. Muuzaji mkazi wa Tanzania kwa kawaida hulipa kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida aliyoipata, na uhamisho hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1, kwa hiyo muuzaji huliwasilisha ombi lake kana kwamba linawafaa wote wawili. Halimfai mnunuzi hata kidogo. Nyumba iliyolipiwa milioni 100 na kuandikwa milioni 60 ikija kuuzwa kwa milioni 120, faida itakayoonekana kwenye karatasi ni milioni 60 badala ya 20. Na mauzo yakibatilishwa, kiasi anachoweza kukidai kwa ushahidi ni kile kilichoandikwa. Zaidi ya hapo, uhamisho wa nyumba yenye hati hudai taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, na kodi inaweza kukokotolewa kutoka hapo. Katika mazungumzo ya bei iamuliwe mapema, kwa maandishi, nani analipa nini: kodi ya muuzaji, ada ya wakili, uthamini, stempu, usajili na kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa, ambayo isipolipwa uhamisho haupiti.

Anayenunua kwa mkopo ana unafuu mwingine wa kuutafuta, ambao hauonekani nyumbani wala kwa muuzaji. Mkopo wa shilingi milioni 60 kwa miaka 15, ukitozwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayopungua pamoja na deni, humfanya mkopaji alipe takribani 840,000 kila mwezi. Riba ikiwa asilimia 14, malipo hushuka hadi takribani 799,000. Tofauti hiyo, inayoonekana ndogo, hufikia zaidi ya milioni 7 katika miaka hiyo 15, na mtu aliyebishana na mwenye nyumba kwa wiki mbili apunguziwe milioni 3 huenda hakutembelea hata benki ya pili kuulizia riba.

Hatua ya mwisho ni upekuzi rasmi, yaani ombi linalopelekwa katika Ofisi ya Msajili wa Hati ili kujua, kwa ada ndogo, mmiliki aliyesajiliwa ni nani na kama kuna rehani, zuio au shauri lililoandikishwa dhidi ya hati ile. Ufanywe na mnunuzi au wakili wake kwa kutumia namba ya hati, usiletwe ukiwa tayari na muuzaji, na urudiwe siku chache kabla ya malipo, kwa kuwa rehani inaweza kusajiliwa kati ya upekuzi wa kwanza na siku ya kusaini. Mtanzania anayenunua akiwa Muscat, London au Minneapolis asimwachie ndugu mmoja kazi ya kutafuta nyumba, kuipekua na kuilipia. Malipo yapitie akaunti ya wakili na yatolewe kwa muuzaji baada ya fomu za uhamisho, Namba 29, 30 na 35, kusainiwa. Muuzaji halali huitoa nakala ya hati yake bila kusita, hata mwenye haraka, na anayedai malipo ya awali kabla ya upekuzi kwa maelezo kwamba kuna mnunuzi mwingine njiani aachiwe huyo mnunuzi mwingine.